Gari Kwanza, Kebo Mwisho

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya mafundi, madereva na wenye magari waliokutana kujifunza upimaji wa gari kwa kompyuta. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, wazee wetu wa gereji, vijana mnaojifunza umeme wa magari, na ninyi wenye magari mliochoka kuambiwa "lirudishe kesho tulitazame tena": nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuja.

Kuna swali moja ninaloulizwa kuliko mengine yote. Mtu ananijia na simu mkononi, ananionyesha picha ya kebo ya kupimia gari, anauliza: "Fundi, hii ni nzuri?" Nami humuuliza: nzuri kwa gari gani? Anataja gari lake. Namuuliza tena: nzuri kwa kazi gani? Hapo anasita. Namuuliza la tatu: utaitumia na programu ipi? Hapo ananyamaza kabisa.

Ndugu zangu, hakuna kebo nzuri. Nasema tena ili hata walioko nyuma wanisikie: hakuna kebo nzuri! Kuna kebo inayopatana na gari fulani, kwa kazi fulani, chini ya programu fulani. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, ulichonacho ni waya wenye taa. Na wengi wetu tunanunua kwa kuanzia mwisho. Kebo kwanza, kwa sababu iko mbele ya macho na bei yake inavutia. Programu tunaitafuta usiku. Kazi tunaijua asubuhi mteja anapofika. Na gari lenyewe, ambalo ndilo lenye kauli, tunalisikiliza baada ya yote. Leo nawaomba tugeuze mpango huo. Gari kwanza. Kazi ya pili. Programu ya tatu. Kebo mwisho.

Basi tuanze na gari.

Inama chini ya dashibodi, karibu na usukani, karibu gari lolote dogo la miaka ya karibuni: utakuta soketi ya matundu 16, safu mbili za manane manane. Mmewahi kujiuliza ni nani aliyewalazimisha watengenezaji wanaoshindana usiku na mchana, wasiokubaliana hata mfuniko wa tangi la mafuta ukae upande gani, wakubaliane juu ya soketi moja? Ni moshi. Jimbo la California, na hasa jiji la Los Angeles, liliteseka miaka mingi na ukungu mchafu wa moshi wa magari. Mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, inayojulikana kwa herufi CARB, ikadai kwamba magari mapya, kuanzia modeli ya 1988, yaweze kujichunguza yenyewe na kumwashia dereva taa pale mfumo wa kudhibiti moshi unapoharibika. Kila kiwanda kikaja na soketi yake na namna yake ya kutoa taarifa. Ikawa vurugu. Ndipo kikatungwa kizazi cha pili cha mfumo huo wa gari kujichunguza, OBD-II, na kikawa lazima kwa magari madogo yote mapya yanayouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004.

Neno hilo la moshi lishikeni, maana nitalihitaji tena baada ya muda mfupi.

Sasa sikilizeni. Sheria ilisawazisha umbo la soketi. Je, ilisawazisha na lugha inayozungumzwa ndani yake? Haikusawazisha! Iliruhusu itifaki kadhaa, yaani lugha kadhaa. Ford alikuwa na J1850 ya aina ya PWM. General Motors walikuwa na J1850 ya aina ya VPW. Magari mengi ya Ulaya na Asia yalitumia ISO 9141-2, kisha ISO 14230 ambayo wengi mnaijua kwa jina la KWP2000. Hizi mbili hupita kwenye waya mmoja tunaouita K. Halafu ikaja CAN, mtandao uliobuniwa na Bosch na kutangazwa Detroit mwaka 1986, na Marekani ikaufanya lazima kwa kazi hii kuanzia modeli ya 2008. Waya wa K unapitisha biti 10,400 kwa sekunde. CAN ya injini kwa kawaida inapitisha 500,000. Hizo hata mwendo haziwezi kufanana.

Kebo ni mkalimani. Ukimpeleka mkalimani hodari wa Kiarabu kwa mtu anayesema Kichina peke yake, watakaa meza moja mpaka jioni na hakuna kitakachoeleweka. Je, tutasema mkalimani ni mbovu? Je, tutasema mwenyeji wake ni mgonjwa?

Nitawapa kisa. Fundi mmoja ninayemheshimu sana alikuwa na ile kebo ya bluu ya waya wa K, ambayo wengi wenu mnaijua. Kwa magari ya zamani ya kundi la Volkswagen na Audi kebo hiyo ilimpa jina. Siku moja akaletewa gari la kundi hilo hilo, lakini la kizazi kilichohamia CAN. Akachomeka. Taa ya kebo ikawaka. Programu ikajibu: hakuna mawasiliano. Akajaribu tena, hakuna. Akaanza kufungua plastiki, akafuata nyaya, na mwishowe akamwambia mteja kwamba kompyuta ya injini imekufa na inatakiwa nyingine. Mteja alikuwa ameshaanza kutafuta hela. Kijana mmoja pale gereji akachukua tochi, akamulika ndani ya soketi, akasema: "Mzee, pini ya 7 haipo." Tundu la waya wa K lilikuwa wazi, halina chuma. Kompyuta ya injini nzima, kebo nzima, gari zima. Ila hawakuwa na lugha moja.

Tochi ile, ndugu zangu, haigharimu kitu. Jifunzeni matundu hayo 16. Ukiitazama soketi kwa mbele, safu ya juu inaanza na 1 kushoto mpaka 8, ya chini inaanza na 9 mpaka 16. Pini ya 4 na ya 5 ni hasi. Pini ya 16 ni umeme wa betri, na upo hata ufunguo ukiwa umetolewa. Ukiona chuma kwenye 6 na 14, yaelekea gari linasema CAN. Ukiona kwenye 7, yaelekea kuna waya wa K, pengine pamoja na 15. Ukiona kwenye 2, huenda ni J1850, na ikiwa na 10 pia, basi ni ile ya Ford. Nasema "yaelekea" kwa makusudi. Matundu yaliyobaki sheria iliwaachia watengenezaji wayatumie wapendavyo, nao wameyatumia wapendavyo. Chuma ni dalili. Uthibitisho ni kitabu cha gari lenyewe, au orodha ya magari inayotolewa na mwenye programu.

Na msidanganywe na mwaka. Mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kutengenezwa, na mwaka wa kutengenezwa si lazima uwe mwaka wa lugha. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 laweza kuwa na soketi ya matundu 16 inayong'aa, na bado lisijibu OBD-II hata ukilibembeleza. BMW walianza kuyahamishia magari yao mengi kwenye D-CAN, yaani CAN ya kupimia, karibu Machi 2007. Kwa hiyo magari mawili ya umbo moja, yanayofanana mpaka rangi ya viti, moja linataka waya wa K na jingine linataka CAN. Ndiyo maana kebo ya K+DCAN ya magari hayo mara nyingi huwa na kiswichi: kwa yale ya zamani, pini ya 7 na ya 8 zinatakiwa ziunganishwe ili kompyuta zote zifikike, na kwa yale mapya zitenganishwe. Tumia namba ya chesi. Jina lililoandikwa nyuma ya gari halitoshi.

Kwa magari ya zamani zaidi nitapita haraka. BMW walikuwa na soketi ya duara ya pini 20 chini ya boneti, Mercedes-Benz ya pini 38, Nissan ya pini 14. Kuna vipande vya kugeuza umbo kwenda kwenye matundu 16. Vinageuza umbo tu. Lugha inabaki ile ile, kwa hiyo bado unatakiwa uwe na kebo na programu inayoijua.

Lakini kwa wale wa malori na mabasi sipiti haraka, nasimama. Betri yenu ni volti 24! Vifaa vingi vidogo vya kupimia vimetengenezwa kwa volti 12. Soketi ya OBD ya volti 24 ilichongwa makusudi tofauti kidogo katikati ili plagi ya volti 12 isiingie, na nimeona watu wakiipunguza plagi kwa kisu ili iingie. Tafadhali msifanye hivyo. Ule mchongo ni onyo. Malori mengi pia yana soketi ya duara ya pini 9 na yanasema J1939, lugha ya magari makubwa ambayo programu za magari madogo haziielewi.

Hilo ni gari. Sasa kazi.

Nirudi kwenye moshi, kama nilivyoahidi. Dada mmoja alikuja na gari ambalo taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, ilikuwa inawaka. Alikuwa amenunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth, akapakua programu ya bure kwenye simu, akapima mwenyewe. Programu ikamwandikia kwamba hakuna hitilafu. Akafurahi. Akaendelea kuendesha huku taa inawaka, kwa sababu kompyuta imesema gari ni zima. Nawauliza: kifaa kilidanganya?

Hakikudanganya. Kilijibu kile kilichoulizwa. Kumbukeni OBD-II ilizaliwa kwa ajili ya moshi. Kile ambacho sheria inamlazimisha mtengenezaji kukifungulia kila mtu ni habari za injini na vitu vinavyogusa moshi: misimbo ya hitilafu, vipimo vya sensa, picha ya hali ya injini pale hitilafu ilipotokea, na ruhusa ya kufuta. Ukipata P0301, maana yake silinda ya kwanza inakosa moto, na maana hiyo ni moja kwa kila mtengenezaji. Lakini ABS, mifuko ya hewa, kiyoyozi, milango, mara nyingi na giaboksi kwa undani wake, vyote hivyo viko kwenye lugha ya ndani ya mtengenezaji. Programu ya jumla haiulizi huko. Kwa hiyo inaposema "hakuna hitilafu", ongeza maneno ambayo haikuyaandika: hakuna hitilafu ya moshi niliyoiona. Breki za yule dada zilikuwa na sensa ya gurudumu iliyokufa, na tuliiona mara tu tulipotumia programu inayoijua kompyuta ya ABS ya gari lile.

Na ninyi wenye magari ya umeme mtanielewa upesi. Gari lisilo na bomba la moshi halina wajibu ule ule mbele ya sheria ya moshi. Unaweza kuchomeka programu ya jumla kwenye gari la umeme ikaondoka mikono mitupu, wakati programu iliyoandikwa kwa ajili ya gari hilo, kama LeafSpy kwa Nissan Leaf, inakuonyesha volti ya kila seli ya betri.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, andika kazi yako kwenye karatasi. Unataka kusoma taa ya injini ya gari lako mwenyewe? Kifaa cha jumla chenye ubora kinatosha, usipoteze fedha zaidi. Unataka kusoma kompyuta zote za gari? Hapo unahitaji programu ya chapa hiyo. Unataka kuliamuru gari, yaani kurudisha pistoni za breki ya mkono ya umeme ili ubadilishe pedi, kutoa hewa kwenye ABS, kuandikisha namba za nozeli mpya za dizeli, kujaribu feni? Hapo hakikisha programu ina kazi hiyo hasa kwa modeli hiyo hasa. Nimeona mota ya breki ya mkono iliyovunjwa kwa sababu fundi alikuwa na kebo inayosoma vizuri lakini haiamuru, naye akaisukuma pistoni kwa nguvu. Kusoma ni kitu kimoja, kuamuru ni kitu kingine. Narudia: kusoma ni kitu kimoja, kuamuru ni kitu kingine!

Na kuandika upya programu ya ndani ya kompyuta ya gari ni jambo la tatu kabisa. Hiyo ni kazi ya kifaa cha J2534, yaani kinachofuata kiwango cha pamoja cha kuandika upya kompyuta za magari, au kifaa cha mtengenezaji mwenyewe, na betri ikiwa imeungwa kwenye chaja imara inayoshikilia volti. Umeme ukiyumba katikati ya uandishi, kompyuta inaweza isiamke tena. Yeyote asiye na chaja ya namna hiyo asiiguse kazi hiyo, hata kama kebo yake inaiweza.

Kisa cha Ford ni kizuri hapa kwa sababu kinaunganisha gari na kazi. Magari mengi ya Ford yana CAN mbili kwenye soketi moja: ya kasi kwenye 6 na 14, na ya kasi ya kati kwenye 3 na 11. Injini na ABS ziko kwenye ile ya kwanza. Vitu vingi vya ndani, kama redio na kiyoyozi, viko kwenye ya pili. Mtu akichomeka adapta ya kawaida na programu ya FORScan, injini inamjibu vizuri sana. Anashangaa mbona redio haionekani. Anadhani programu ni mbovu, anatafuta nyingine, anadhani gari limeibwa vipuri. Kumbe adapta yake haijafika kwenye 3 na 11. Anahitaji yenye swichi, au ile inayobadilisha yenyewe. Mnaona? Gari sahihi, programu sahihi, na bado kazi moja inafanyika na nyingine haifanyiki.

Hapo ndipo tunafika kwenye programu, na sababu ya kuitanguliza mbele ya kebo.

Programu nzito inazijua kebo zake. VCDS ya Ross-Tech, kwa kundi la Volkswagen, inafanya kazi na kifaa cha Ross-Tech. Techstream ya Toyota inataka kifaa kinachofuata J2534. BMW za kizazi cha F na kuendelea, kwa kazi za undani, zinatumia kebo ya ENET, ambayo ni waya wa mtandao wa kawaida uliotiwa plagi ya OBD. Multiecuscan, kwa Fiat na ndugu zake, inakuambia utie adapta ya rangi gani kwa kompyuta gani, kwa sababu Fiat waliziweka kompyuta zao kwenye pini tofauti tofauti. Sasa wewe uliyenunua kebo kwanza utafanyaje? Utazunguka kutafuta programu itakayoikubali kebo yako, na utaishia kuchukua inayowezekana badala ya inayotakiwa.

Kisha tazama kompyuta yako mwenyewe. Windows ipi? Biti 32 au 64? Draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuitambua kebo, za kebo nyingi za bei nafuu za Toyota ziliandikwa wakati wa biti 32, na watu wamehangaika usiku kucha kuzisimika kwenye mashine mpya. Programu kongwe pia hutaka mlango wa COM, yaani njia ambayo Windows inaipa kebo, wenye namba ndogo, na hutaka muda wa kusubiri kwenye draiva ya FTDI, chipu iliyomo ndani ya kebo nyingi, ushushwe kutoka milisekunde 16 hadi 1. Bila hivyo mawasiliano yanaanza kisha yanakatika, na lawama zote anabebeshwa gari.

Kwa wenye simu ni neno fupi. Adapta ya Bluetooth ya kawaida inapatana na Android, lakini iPhone haitaiunga. Kwa iPhone tafuta ya Bluetooth ya nishati ndogo au ya Wi-Fi, na usome kwanza programu yako inaikubali ipi.

Sasa nina jambo zito, nalo nalisema kwa upendo. Programu za wizi. Kebo inakuja na diski, na maelekezo yanaanza hivi: zima kinga ya virusi. Jamani! Kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye namba za wateja wako, ndiyo unayofungulia benki, na unamzimia mlinzi ili mgeni usiyemjua aingie? Zaidi ya hapo, programu iliyovunjwa kufuli haina wa kumuuliza. Ikikwama katikati ya kuandika kwenye kompyuta ya gari la watu, utampigia nani? Programu kadhaa za halali zina toleo la bure au la majaribio linalokuonyesha kama gari lako linajibu. Anza hapo.

Na kuna kikwazo kipya ambacho kebo yoyote duniani, hata ya gharama kubwa, haikivuki peke yake. Mwaka 2015 watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kuliingilia gari la Jeep Cherokee kwa mbali kupitia mtandao na kulisumbua likiwa barabarani. Fiat Chrysler ikaita magari milioni 1.4 yarudi kurekebishwa. Baada ya hapo, kuanzia modeli za 2018, kampuni hiyo ikaanza kuweka lango la usalama kati ya soketi na kompyuta za ndani. Volkswagen nao wakaja na ulinzi wao kuanzia Golf ya kizazi cha 8. Kwa magari ya Fiat Chrysler yenye lango hilo, unaweza kusoma misimbo, lakini ukitaka kufuta au kuamuru, lango linadai kibali cha mtengenezaji, kinachopatikana kwa akaunti na intaneti. Kwa hiyo kwa gari jipya, swali la kumuuliza muuzaji wa programu ni hili: je, programu yako ina kibali cha kuvuka lango la gari hili? Akibabaika, subiri.

Tumefika kwenye kebo yenyewe. Mwisho, kama nilivyosema.

Nadhani kila mmoja hapa amewahi kuona adapta iliyoandikwa ELM327. Chipu ya jina hilo ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la kwanza halikuwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa. Likanakiliwa, likajaa dunia nzima. Mpaka leo utaona vifaa vinavyojitangaza kuwa ni toleo la 1.5, na Elm Electronics haikuwahi kutoa toleo la 1.5. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Je, nakala zote hazifai? Hapana, sisemi hivyo, ni lazima tuwe wakweli. Nyingi zinasoma msimbo wa injini bila shida. Tatizo linakuja programu nzito inapotuma amri ambayo nakala haiijui, au gari linapojibu kwa ujumbe mrefu na nakala ikaumeza nusu. Baya kuliko yote ni zile ambazo namba ya toleo ni kubwa na amri ni chache. Kuna nakala zinazojiita 2.1 zilizopunguzwa kiasi kwamba hata ile ya 1.5 inazishinda. Msinunue kwa namba ya toleo. Nunueni kwa orodha ya vifaa ambavyo mwenye programu mwenyewe ameandika kwamba amevijaribu.

Kisa kingine kiko kwenye kebo za USB. Kebo nyingi za kupimia magari zina chipu ya FTDI, kampuni ya Glasgow, Uskoti. Chipu hiyo nayo ilighushiwa sana. Mwaka 2014 FTDI walitoa draiva mpya, ikasambazwa kupitia masasisho ya Windows yenyewe, na draiva hiyo ilipokutana na chipu ya bandia iliifuta namba yake ya utambulisho, ikaiandika sifuri. Watu wakalala kebo ikiwa nzima, wakaamka kompyuta haiitambui. Kelele zikawa nyingi, draiva ile ikaondolewa. Lakini fikirieni yule fundi aliyekuwa na gari la mteja limefunguliwa asubuhi ile. Hakubadilisha kitu. Hakukosea kitu. Hakujua hata kwamba ndani ya kebo yake kuna chipu ya kughushi, kwa sababu kwa nje zinafanana.

Ndiyo maana nasema bei ndogo peke yake isikutie hofu, na bei kubwa peke yake isikutie imani. Uliza chipu ni ipi. Uliza kama muuzaji anapokea kebo ikirudi. Uliza kama mwenye programu anaitambua. Kuuliza si ujinga.

Na kebo ikikataa, kabla hujaihukumu, pima umeme. Nimeona kebo nzima zikitupwa kwa sababu ya fyuzi. Kwenye magari mengi soketi ya OBD inakula umeme kwenye fyuzi moja na tundu la kuwashia sigara, na mtu akichomeka chaja mbovu ya simu pale, fyuzi inakatika, na soketi inakufa pamoja nayo. Weka mita kati ya pini ya 16 na ya 4. Kwa gari la volti 12, usipopata volti 12 au karibu yake, tatizo haliko kwenye kebo. Kisha weka mita kati ya 16 na 5, maana kuna magari ambayo hasi moja ni nzima na nyingine imekatika. Kisha hakikisha ufunguo umewashwa mpaka taa za dashibodi zimewaka. Kompyuta nyingi hulala ufunguo ukiwa umezimwa. Baada ya hapo jaribu kebo hiyo hiyo kwenye gari jingine unalojua linasema lugha yake. Ikijibu huko, kebo ni nzima.

Na mkimaliza kupima, ichomoeni. Pini ya 16 haizimiki, na adapta iliyoachwa kwenye soketi inaendelea kunywa betri gari likiwa limelala.

Jambo moja kuhusu kufuta misimbo, maana najua mtaniuliza. Usifute kabla hujaandika au kupiga picha kila kitu. Ukifuta, unafuta pia ile picha ya hali ya injini wakati wa hitilafu, na majaribio ya mfumo wa moshi ambayo gari ilikuwa imeyakamilisha yanaanza upya. Fundi atakayefuata atalikuta gari halina kumbukumbu. Magari ya miaka ya karibuni yana hata misimbo ya kudumu ambayo kebo haiwezi kuifuta. Inajifuta yenyewe gari linapojiridhisha kwamba limepona. Mteja akikuambia ifute tu nikaliuze, unajua anachokuomba.

Sasa, waliokuja na magari yao wayasogeze hapa mbele, lile la dizeli lianze. Waliokuja na kebo waziweke mezani, kila moja na karatasi yenye namba ya chesi ya gari, kazi inayotakiwa, na jina la programu. Ambaye hana karatasi hiyo, kijana yule pale ana kalamu na tochi. Anzeni naye, mumulike soketi kwanza.